Nusu Kilo ya Misumari

Veneranda aliingia wodi ya wanaume akiwa amebeba misumari ndani ya karatasi ya gazeti. Karatasi ilikuwa imeshachanika pembeni. Kabla hajafika kwenye kitanda cha mumewe, msumari mmoja ulichomoka, ukalia sakafuni na kubingirika hadi miguuni pa Mwalimu Wilfred.

Bodaboda ilimwangusha Mwalimu Wilfred pale Rusimbi wiki iliyopita. Ilimvunja mkono wa kushoto, ikamwachia mdomo mzima. Alikuwa mtu wa Moshi, akifundisha Kiingereza sekondari, na siku haikupita bila kuwakumbusha wagonjwa wenzake saba kwamba Kigoma aliletwa na serikali, hakuomba.

Aliuokota msumari, akauinua juu wote wauone.

"Jamani! Amenunua kweli!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Kisa walikijua.

Juzi daktari alipopita alimwambia Mzee Selestini kwamba paja lake halitaunga kwa plasta peke yake. Mzee alianguka kutoka juu ya mchikichi huko kwao Ilagala, na mfupa ulikuwa umevunjika vibaya. Itabidi awekewe 'nail', daktari alisema, akaenda kitanda kingine.

Veneranda alimgeukia jirani yao. "Samahani, Mwalimu. Hiyo neili ndiyo nini?"

"Msumari."

"Msumari? Kwenye mguu wa mtu?"

Somo likaanzia hapo. 'Nail' ni msumari, Mwalimu alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. 'Nail' ni kucha. 'Nail' ni chuma cha kuungia mfupa, na polisi wakimnasa mwizi kwa ushahidi, basi wamem-'nail'. 'Pin' ni pini, halafu ni namba ya siri ya simu yako. 'Bolt' ni komeo, ni bolti, ni radi, na farasi akitimua mbio ghafla hiyo nayo ni 'bolt'. 'Stitch' je? Mshono wa gauni, mshono wa kidonda, na kichomi cha ubavuni.

"Neno moja, vyumba vinne," alisema. "Nyinyi mmezoea maneno ya chumba kimoja, jiko nje."

Kisha akawakonyeza wenzake. "Sasa mama, kimbia duka la vifaa vya ujenzi. Sema unataka ya inchi tatu. Nyundo daktari anayo."

Watu walicheka. Veneranda aliinamisha kichwa. Mzee Selestini ndiye aliyejibu, taratibu, macho yakiwa darini.

"Mwalimu, usimtanie mke wangu hivyo. Atakuamini."

Leo asubuhi Mzee alisukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri, kitanda chake bado kitupu, na mkewe alikuwa amesimama hapo na nusu kilo ya misumari ya inchi tatu.

"Umechelewa, mama," alisema Mwalimu. "Wameshampigilia bila wewe."

Elikana, kijana wa kitanda cha dirishani aliyepasuliwa ngiri, alicheka huku ameshika tumbo, akiomba waache, mshono utaachia.

Veneranda aliweka misumari juu ya godoro, akaanza kukunja blanketi la mumewe. Alichukua kikombe, kijiko na chupa ya chai. Akainama, akatoa kandambili chini ya kitanda, akazipangusa moja moja kwa kiganja na kuzifunga kwenye khanga pamoja na vile vyombo.

"Hata kandambili!" alisema Mwalimu. "Zimelika kisigino zote mbili, bado anaogopa tutamwibia."

Akashuka kitandani. Aliona huruma sasa, ile huruma ya mtu anayejua mbele ya mtu asiyejua. Akausogeza msumari karibu na uso wa mwanamke.

"Mama, nikufundishe bure. Chuma cha mfupa kinatengenezwa maalumu, kinachemshwa, hakishiki kutu. Hii yako ni ya kupigilia mbao. Mbao! Unanielewa? Mume wako si mbao."

"Nimeelewa, Mwalimu," Veneranda alisema. "Hii ni ya mbao."

"Afadhali. Haya, sema 'nail'."

"Neili."

"Siyo neili. Ulimi uguse juu, mwishoni. 'Nail'."

"Neili," akarudia. Sauti ilimkatika katikati, machozi yakaanza kumtiririka bila yeye kuyafuta.

Kicheko kilipungua. Mwalimu alimpigapiga begani.

"Usilie, mama. Kutojua si dhambi. Ungeniuliza kwanza, usingejiaibisha hivi mbele za watu." Akamnyooshea msumari. "Chukua. Warudishie wenye duka lao, waambie mwalimu amekataa."

Veneranda aliupokea kwa mikono miwili, akikunja goti kidogo kama walivyolelewa wanawake wa kwao.

"Asante, Mwalimu. Ungepungua."

"Ungepungua!" Mwalimu aliwageukia wenzake, mkono wake mzima ukiwa kiunoni. "Mmesikia? Nafundisha, nafundisha, yeye bado anafikiria kupigilia!"

Mlangoni alikuwa amesimama Marcel, mdogo wake Mzee Selestini, kofia mkononi, suruali imejaa vumbi la mbao. Hakumsalimia mtu.

"Shemeji, twende," alisema. "Mwili wameshatukabidhi. Fundi amemaliza kukata mbao za jeneza, anangoja misumari."