Pikipiki ya Mkunga Nakiete

Siku hizo kila pikipiki mpya ilizima yenyewe ikitoka nje ya njia zilizomo kwenye ramani. Kitongoji cha Kwamgole, kule juu milimani, hakikuwamo. Kwa hiyo mkunga Nakiete alijiundia ya kwake kwa vyuma chakavu vya zamani. Fremu aliiokota korongoni, tangi alipewa na fundi mmoja mstaafu, na shokapu za nyuma hazikufanana. Miaka miwili mumewe, Mbonea, alimsaidia kukaza nati. Kabureta ilipokosekana kabisa, ni Mbonea aliyeitafuta akaileta.

Asubuhi moja Nakiete aliitwa aende Kwamgole: kuna mama ana uchungu tangu jana. Akapiga kiki, akaondoka. Barabara ilipoishia, pikipiki ikazima. Sauti ya upole ikatoka kwenye kabureta: "Njia hii haipo."

Akampigia mumewe simu. "Mbonea, kabureta hii ni mpya?"

"Niliisugua kwa mchanga ionekane ya zamani."

"Ulijua nitakwama."

"Nilijua, mke wangu. Lakini kule kuna magenge, ungeporomoka. Rudi nyumbani, nimeshabandika chai."

Nakiete akakata simu, akatwaa mkoba wake, akapanda kwa miguu. Alifika jua likiwa utosini. Mama alikuwa hai, mtoto hakuwa.

Jioni Mbonea alimpokea mkoba mlangoni, akamuuliza kama amekula. Nakiete alimtazama usoni, akaona kwamba mumewe amefurahi kweli kumwona amerudi mzima.