Goti la Korongo

Mwaka wa mapatano, mwisho wa kiangazi, maji ya bwawa yalimfika Korongo gotini. Wanyama walikubaliana kwamba yakishuka chini ya hapo, viboko wataacha kula matete yanayoilinda chemchemi inayolijaza bwawa.

Mwaka uliofuata yalishuka. Korongo akaenda kumwambia Kiboko mkuu.

"Sogea mbele kidogo," Kiboko alisema huku akitafuna.

"Mzee, tulipimia pale pale."

"Mapatano yametaja goti. Mahali hayakutaja."

Korongo alikuwa na vifaranga waliokula samaki wa bwawa lile, lakini kubishana na viboko kulikuwa kumemchosha. Akasogea. Maji yakafika gotini, mkutano wa wanyama ukapiga makofi, matete yakaliwa. Ikawa hivyo kila kiangazi.

Mwaka wa tisa alisimama katikati kabisa, mahali anapolala Kiboko.

"Yamefika?"

"Gotini, mzee."

"Basi tumetimiza," Kiboko alisema, akajilaza aoge. Maji yalimfika tumboni. Akajigeuza huku na huku. "Nami nisogee wapi?"

"Mbele ni ukingo wa pili, mzee."

Kufikia adhuhuri, ngozi ya mgongo wa Kiboko ilikuwa imepasuka kwa jua.