Bakuli la Tatu

Kila Jumamosi Gati hujitolea kugawa unga wa msaada kanisani Mugumu. Jumamosi hii, kikongwe aliyefika mbele ya meza alikuwa mama mkwe wake, aliyemfukuza nyumbani kwa sababu Gati alikataa binti yake akeketwe.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe alisogeza tu beseni lake. Mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza chini ya kanga.

Gati alimpimia mabakuli mawili kama wengine, kisha akaongeza la tatu.

"La nini hilo?"

"Ukale, mama. Umekonda."

Mama mkwe aliinua beseni, akaurudisha unga wote guniani, akalikung'uta mpaka vumbi la mwisho.

"Sili cha mkono wako."

Akaondoka. Foleni nzima ilikuwa inamtazama Gati.

"Anayefuata," alisema.