Ningu Aliyetaka Maji Yatulie

Zamani, mito ilipokuwa bado inasikilizana na viumbe wake, alikuwepo samaki aitwaye Ningu, mpenda utulivu. Alikuwa na mayai tumboni, akipanda mto kwenda kuyataga chemchemini. Alipochoka alijificha nyuma ya jiwe kubwa, lakini huko maji yalizunguka bila kukoma, yakamyumbisha huku na huku.

"Mzee Kiboko," alimwita jirani yake, mpole asiyejua kumkatalia mtu, "jiwe hili linayavuruga maji. Niondolee, nilale."

"Haya, mama," alisema Kiboko, akalisukuma hadi ukingoni.

Maji yakanyooka, yakawa laini kama kioo. Ningu akalegeza mapezi kwa raha. Papo hapo mkondo ukamchukua. Alipiga mkia kwa nguvu zake zote, asiweze kusonga mbele hata kidogo, kwani hapakuwa tena na mizunguko ya kumshika.

"Mzee, naenda na maji!" alilia. "Wanangu!"

Kiboko akajitosa, akajilaza kati yake na mkondo. Maji yakagonga ubavu wake, yakagawanyika, yakaanza kuzunguka nyuma yake. Yakamvuta Ningu taratibu hadi karibu na tumbo lake kubwa. Mkia wa Ningu ukawa unacheza wenyewe, bila jasho, kama wa samaki anayeogelea ndotoni.

"Nisogee kidogo, upate utulivu?" aliuliza Kiboko.

"Hapana, mzee wangu," alinong'ona Ningu. "Kaa hapo hapo. Ndiyo kwanza napumzika."

Akalala, maji yakimbembeleza. Kulipokucha, aliupanda mto hadi chemchemini, akataga.