Vibanio Vitatu

Kibanio cha kwanza kilifungwa kinyume. Fundi mstaafu wa lifti alikiona kabla nati haijakazwa. Akafungua mdomo, kisha akaufunga.

Mkwewe alikuwa juu ya ngazi, akipachika kapi jipya kwenye fremu ya mazoezi, lichuma lililojaza chumba cha nyuma kutoka sakafuni hadi karibu na dari. Waya ungepita juu ya kapi: ncha moja inyanyue sahani za uzito, ncha nyingine ishike fimbo ya kuvutia. Pale ulipokunjwa, waya ulibanwa kwa vibanio vitatu. Kila kibanio kina upande bapa na upande uliopinda. Ule bapa hukaa kwenye waya unaobeba mzigo, uliopinda hukaa kwenye mkia, ile ncha fupi iliyokunjwa. Ukigeuza, waya utachomoka.

Kwa miaka thelathini na moja mzee alikuwa amewafokea vibarua kwa kosa hilohilo. Hata binti yake alilijua tangu darasa la nne, alipokuwa akichezea vibanio vya baba yake kwenye meza ya chakula.

"Mzee, hapa pako sawa?" mkwe aliuliza bila kugeuka.

"Si umesomea kwenye simu? Mimi unaniulizia nini?"

Walikuwa wakirushiana maneno tangu asubuhi. Mzee alikuwa ameuliza kama kifua hicho kinachofugwa kitapangishwa. Mkwe akamjibu kwamba kifua hicho ndicho kinachobeba nyumba nzima, na kuna wengine wako njiani kuja kubebwa.

Hilo la kubebwa lilimkaa mzee kooni. Tangu afiwe na mkewe alikuwa akipanda ghorofa nne kwa goti bovu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilishakufa na hakuna aliyemwita kuitazama. Binti alimwahidi chumba hiki. Chuma kikamtangulia. Juzi binti alimpigia simu: aje Jumamosi, amwangalizie mumewe akifunga kapi, kisha watazungumza habari ya chumba.

Kibanio cha pili, kinyume. Cha tatu, kinyume.

Mzee alipiga hesabu yake kimyakimya. Waya ungechomoka, fimbo ingemrudia huyu bwana mdomoni. Meno mawili, matatu. Hakufi mtu. Kesho yake lichuma lingeuzwa, na kitanda kingekaa pale chini ya dirisha. Alishakipima kwa macho, na nafasi ya kuegesha fimbo yake ya kutembelea ingebaki.

"Na hivi viwili, mzee?"

"Macho yangu yanaona kama yako."

Binti aliingia na chai. Alipita chini ya waya, akainua uso, akavitazama vibanio kwa muda. Kisha akamtazama baba yake.

"Baba, umekagua?"

"Nimekagua."

Aliweka vikombe dirishani, wala hakumimina. Akarudi kusimama mlangoni.

Mkwe alishuka. Akapachika sahani nne, nzito zote, akaketi chini ya kapi huku uso ameuinua, akaishika fimbo kwa mikono miwili. Mishipa ya shingo ilimtoka kabla hata hajaanza.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, baba. Nivute?"

Katika miaka sita ya ndoa hakuwahi kumwita baba. Mzee alilisikia neno hilo likimkwaruza mahali fulani ndani. Akageuzia uso dirishani, pale ambapo ungekaa mto wake.

"Vuta."

Mkwe hakuvuta. Aliiachia fimbo taratibu, akapanda tena ngazi, akatoa spana mfukoni. Akafungua kibanio cha kwanza, akakigeuza, akakikaza. Kisha cha pili. Kisha cha tatu, upande bapa kwenye waya unaobeba mzigo, upesi upesi, kama mtu aliyefundishwa kazi hiyo na aliyeijua tangu mwanzo.

Alipomaliza hakumtazama mzee. Alimtazama mkewe, pale mlangoni.

"Nilimwapia kwamba utasema vimegeuzwa, baba," binti alisema.