Usingizi wa Mama Winnie

"Una moyo gani, Mama Winnie?"

Kitsao alikuwa akimtikisa mkewe bega. Adhana ya alfajiri ilikuwa imeshaanza, naye hajapata hata lepe la usingizi.

Mkewe, Mapenzi, alifungua macho. "Kuna nini?"

"Mtoto tumemzika, miezi saba sasa. Unawezaje kulala?"

Mapenzi alijifunga leso, akaenda kuwasha jiko akaange mahamri ya kuuza. Macho yake yalikuwa mekundu. Siku zote alisema ni moshi.

Winnie alikuwa mtoto wao wa pekee, wa miaka tisa. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Tangu hapo Kitsao alikuwa mtu wa kukesha. Hugeuka huku, hugeuka kule, hutoka akakaa barazani, hurudi. Mkewe humkuta vilevile, ameelekea ukutani, pumzi zinakwenda sawasawa. Kila akirudi hukuta shuka lake limenyooshwa, naye hudhani ndivyo alivyoliacha.

Kitsao aliendesha mashine ya kupanga makontena Shimanzi. Juma lile alisinzia kidogo tu, nusura amponde mwenzake Kadenge. Msimamizi akamwambia asirudi kazini mpaka aonane na daktari. Akaenda zahanati iliyo karibu na kwao, Kibokoni.

Daktari Griffins alimsikiliza bila haraka. "Ulipokuwa shuleni, usiku wa kuamkia mtihani ulikuwa unalala?"

"Wapi! Na marehemu mama alikuwa hivyo hivyo."

"Basi ndivyo mlivyoumbwa. Kuna watu, jambo likiwagusa, usingizi ndio wa kwanza kukimbia. Si udhaifu, bwana Kitsao."

"Na mke wangu je? Yeye hulala kama gogo. Naye ndiye mama mzazi!"

Daktari aliweka kalamu chini. "Njoo naye Ijumaa. Mmefiwa nyote wawili."

Kitsao alifurahi, lakini si kwa sababu ya tiba. Alitaka mtu mwingine auone ule ubaridi wa mkewe, asije akaambiwa kuwa ni yeye mwenye makosa.

Ijumaa ilipofika alimwambia mkewe wanakwenda kwa daktari. Mapenzi alimtazama kama mwenye neno kinywani. Kisha akajitanda leso, akamfuata.

Njiani Kitsao alilitoa lililokuwa moyoni. "Nikipata nafuu, nitarudi kwetu Kaloleni. Peke yangu."

Mapenzi hakusimama. "Upate nafuu kwanza, Baba Winnie," alisema taratibu.

Walipokaribia lango la zahanati, hatua za Mapenzi zikawa nzito. "Ni hapa?" aliuliza.

"Ni hapa. Unaogopa nini? Mgonjwa ni mimi."

Kitsao alisimama dirishani aandikishe jina lake. Mapenzi alitangulia ndani, akaketi ukingoni mwa benchi, mikono imefumbatana.

Muuguzi mmoja, mama wa makamo aitwaye Nasiha, alitoka chumba cha ndani. Hakumjua Kitsao, aliyekuwa dirishani hatua chache tu, wala hakumtupia jicho. Alikwenda moja kwa moja kwa Mapenzi, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Winnie, leo si Jumanne yako! Na mbona umezidi kukonda? Bado unafumba macho tu usiku kucha, ukimngoja mumeo apate usingizi kwanza?"