Sababu ya Kutokuwapo

Mtalaka wake alikataa kumpa nywila ya tovuti ya shule, na Rukaya alikuwa amekaa mwaka mzima bila kujua lolote kuhusu bintiye. Mchana mmoja Makame, mwenzake kazini, akamwekea kwenye kompyuta msimbo wa programu ulioandikwa na watu baki mtandaoni. Shule haikuwa imeuidhinisha, lakini uliingia kwenye tovuti ile kwa namba ya mwanafunzi na tarehe ya kuzaliwa.

"Unasoma tu, dada. Huwezi kubadili kitu."

"Kusoma kunanitosha," alisema Rukaya.

Mistari ikaanza kuteremka kwenye kompyuta. Nasriya, darasa la nne. Hisabati, themanini na moja. Rukaya akatabasamu, akashuka hadi kwenye mahudhurio. Jumatatu alikuwapo, hadi Alhamisi alikuwapo. Ijumaa hakuwapo, na mwalimu alikuwa ameandika sababu: "Baba kamchukua kwenda kuzuru kaburi la mama."

Akaisoma mara tatu.

"Umempata mtoto?" Makame aliuliza kutoka mezani kwake.

"Nimempata. Ni mzima."

Mkono wake ulibaki juu ya kipanya. Alikuwa akijaribu kumwona Nasriya na sare yake ya shule, ameinama, anang'oa majani juu ya kaburi la mtu asiyemjua.